Dirisha la Bibi Goldberg

Jumatatu usiku, katika mwaka 1949, Wamarekani waliokuwa na televisheni walimwona mwanamke wa makamo, mnene kiasi, aliyevaa nguo ya nyumbani, akijitokeza hadi kifuani kwenye dirisha la nyumba ya ghorofa huku viwiko vyake vimeegemea ukingoni. Mwanzoni hakumwita jirani yeyote. Aliwatazama watazamaji wenyewe kana kwamba wako dirisha la pili, akawaeleza yaliyojiri nyumbani kwake, akaisifu kahawa ya Sanka, ambayo imetolewa kafeini na kwa hiyo haimnyimi mtu usingizi, kisha akageuka na kurudi ndani, na mchezo ukaanza. Tangazo la biashara lilikwisha na hadithi ikaanza bila mtazamaji kuona mshono.

Nilipoiona rekodi hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka kabla sijaelewa hata nusu ya maneno yake. Mimi nimekulia Mji Mkongwe, Unguja, katika kichochoro ambacho ukinyoosha mkono unakaribia kugusa dirisha la jirani, na marehemu bibi yangu alimaliza habari zote za mtaa bila kuteremka ngazi hata moja. Kikapu kilishuka kwa kamba kuchukua mchicha, na pamoja na mchicha kilipanda na habari ya nani kaposwa na nani karudishwa kwao. Kwa hiyo mwanamke wa Bronx, mtaa mmoja wa New York, anayeita "Yuu-huu, Bi Bloom!" kupitia dirishani hakuwa mgeni kwangu. Nimeandika michezo ya redio kwa miaka mingi, na sikuwa nimewahi kulisikia jina la Gertrude Berg, mtunzi na mwigizaji wa huyo Molly Goldberg wa dirishani, mwanamke aliyeifanya kazi hii kabla yetu sote na kwa kiwango ambacho sidhani kama yupo aliyekifikia.

Alizaliwa Harlem, jijini New York, tarehe 3 Oktoba 1899, akapewa jina la Tillie Edelstein. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake, Jacob, aliendesha hoteli ya mapumziko katika kijiji cha Fleischmanns, kwenye milima ya Catskill, mahali ambapo Wayahudi wa New York walikimbilia kila majira ya joto. Hoteli ya mlimani hutegemea jua. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, watoto huanza kulia, wazazi huanza kununa, na baadhi ya wageni hufunga mizigo yao kabla ya siku walizolipia kwisha. Binti wa mwenye hoteli akapewa kazi ya kuwashughulisha watu siku za mvua, naye akawatungia vichekesho vifupi na kuviigiza pamoja na wageni wenyewe. Huko ndiko alikomuumba mhusika wa kwanza anayejulikana, Maltke Talnitzky, mwanamke aliyevuka miaka hamsini ambaye hakuwa na la kuzungumza isipokuwa visa vya mumewe asiyefaa kitu. Mtunzi alikuwa msichana mdogo asiyejua ndoa ni nini. Alichokijua ni namna wake za watu wanavyolalamika, kwa sababu alikaa miongoni mwao kutwa, akisikiliza.

Mwaka 1918 aliolewa na Lewis Berg, mhandisi wa kemikali aliyefanya kazi katika viwanda vya sukari, na kwa muda waliishi Louisiana, mbali na kelele zote alizozizoea. Walipata watoto wawili, Cherney na Harriet. Kisha kiwanda alichokuwa akifanyia kazi mumewe kikaungua moto, na ile burudani ya siku za mvua ikawa kitu cha kutafutia riziki.

Jaribio lake la kwanza la redio lilikuwa mchezo kuhusu wasichana wawili wauzaji wa dukani, Effie na Laura, wanaozungumza mambo ya maisha wakiwa nyuma ya kaunta. Mchezo huo ulisikika usiku mmoja tu. Mmoja wa wasichana alisema kwamba ndoa hazifungwi mbinguni, na wenye stesheni wakaona neno hilo limezidi mipaka. Ningependa kuwaambia waandishi chipukizi kwamba mambo kama hayo yalikwisha na zama zake, lakini ningekuwa ninawadanganya.

Hadithi ya jaribio lililofaulu inasimuliwa kila anapotajwa. Aliandika mchezo kuhusu familia ya Kiyahudi inayoishi katika nyumba ya kupanga huko Bronx, na ingawa mashine ya kupiga chapa ilikuwapo nyumbani, aliuandika kwa mkono, akaupeleka hivyohivyo NBC, kampuni ya utangazaji. Ofisa aliyempokea alizitazama karatasi na kusema kwamba mwandiko ule hausomeki. Bibi Berg akazichukua tena karatasi zake na kumsomea mwenyewe, sauti ya mke, ya mume na ya watoto, kila mmoja kwa lafudhi yake. Ofisa alinunua mchezo, na akamtaka mtunzi huyohuyo awe mwigizaji wa mhusika mkuu. Wapo wanaosema kwamba mwandiko ule mbaya ulikuwa hila. Mimi ninaamini hivyo, na ninampongeza, kwa sababu mwandishi wa mchezo wa redio anayekubali kazi yake isomwe kimyakimya na mtu wa ofisini, penseli nyekundu mkononi, ameshaitoa nusu ya kazi hiyo bure.

Sehemu ya kwanza ya "The Rise of the Goldbergs", yenye urefu wa dakika 15, ilirushwa hewani tarehe 20 Novemba 1929, wiki chache tu baada ya soko la hisa la New York kuanguka. Malipo yake yalikuwa dola 75 kwa wiki. Miaka miwili haikutimia kabla mdhamini hajamwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba hawawezi kumlipa zaidi ya dola 2,000 kwa wiki. Na hayo yalisemwa wakati ambapo watu walikuwa wakipanga foleni za mkate mitaani. Mchezo uliendelea redioni, pamoja na vipindi vya kusimama, hadi mwaka 1945. Inakadiriwa kwamba aliandika miswada zaidi ya 5,000, karibu yote kwa mkono wake na kwa penseli. Nikiandika miswada mitatu kwa wiki ninaomba likizo. Idadi hii nimeihesabu mara mbili, na bado sijui alilala saa ngapi.

Kilichoandikwa humo kilikuwa kidogo sana kwa kukitazama juujuu. Molly ni mke na mama. Jake, mumewe, ni fundi wa nguo anayetamani kuwa na biashara yake mwenyewe. Wana watoto wawili, Sammy na Rosalie, wanaozungumza Kiingereza cha shuleni, na kuna Mjomba David anayekaa nao, mwenye jibu kwa kila jambo. Matatizo yao ni kodi ya nyumba, posa, ugomvi wa ndugu, binti anayetaka kukata nywele. Ucheshi wake haukutokana na watu kuanguka wala kurushiana mikate usoni. Ulitokana na lugha. Molly alikichukua Kiingereza na kukipanga kwa mpangilio wa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, maneno yakabadilishana viti. Usiku mmoja, badala ya kumwambia Jake kwamba muda wa kwenda kupumzika umewadia, alimwambia kwamba muda wa kukata roho umewadia, naye akalisema kwa upole wote wa mke anayemtandikia mume kitanda. Anayejua namna wazee wetu waliohamia mjini walivyokibana Kiswahili cha serikali hadi kikatoa maji atakielewa kicheko hicho mara moja. Tofauti yake na wachekeshaji wengi wa zama zile, waliowaigiza wahamiaji ili wachekwe, ni kwamba Molly ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote waliokuwamo chumbani. Lugha ilimponyoka, hukumu haikumponyoka.

Katika studio Bibi Berg hakutaka udanganyifu wa sauti. Mchezo ulipohitaji mayai yakaangwe, mayai yalikaangwa kweli mbele ya maikrofoni. Molly alipotakiwa kumwosha Rosalie nywele, mtoto aliyeigiza Rosalie alioshwa nywele kweli, na wasikilizaji wakasikia maji na malalamiko yake. Ili masikio yake yasichakae, alikwenda kununua vitu kwenye mikokoteni ya wachuuzi wa Lower East Side, mtaa wa wahamiaji, bila kujitambulisha, huku akikusanya maneno pamoja na mboga. Alilazimika kwenda huko, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa Molly. Aliishi Park Avenue, mtaa wa matajiri, akizungumza Kiingereza safi kisicho na chembe ya Bronx. Hata ile nyumba yenye furaha aliyoijenga redioni haikuwa nyumba aliyokulia. Kaka yake alifariki angali mtoto, na mama yake hakupona tena akili kutokana na msiba huo. Sipendi kuieleza kazi ya mtunzi kwa majeraha yake, lakini mama huyu wa redio ambaye hakuna jambo linaloharibika pasipo yeye kulitengeneza kabla ya dakika ya 15, ninamsikia kwa namna nyingine tangu nilipolijua hilo.

Siasa alizigusa kwa nadra, na alipozigusa alizipitisha nyumbani. Katika mchezo wa Pasaka ya Kiyahudi wa mwaka 1939, miezi michache baada ya masinagogi na maduka ya Wayahudi kuvunjwa na kuchomwa Ujerumani usiku mmoja wa Novemba, familia ya Goldberg imeketi mezani kwa ibada, na jiwe linarushwa na kupasua kioo cha dirisha. Watoto wanaogopa. Molly anawatuliza, na ibada inaendelea palepale ilipokatikia. Hakuna hotuba iliyotolewa. Dirisha ambalo miaka kumi nzima lilikuwa la kuitia jirani limeingiza jiwe, na msikilizaji akaachwa na sauti ya vioo masikioni.

Televisheni ilipokuja, alikuwa na umri wa karibu miaka 50, na wengi walidhani redio imekula sehemu yake bora. "The Goldbergs" ikaanza CBS, kampuni nyingine ya utangazaji, mwezi Januari 1949, ikirushwa moja kwa moja, na anwani ya familia, nambari 1038 East Tremont Avenue, ikawa maarufu kuliko anwani nyingi za kweli. Alikuwa muundaji, mwandishi, mwigizaji mkuu na mwenye kauli ya mwisho juu ya kila kitu, kuanzia sentensi hadi sufuria. Mwaka 1951 alitunukiwa Emmy, tuzo ya televisheni, ya mwigizaji bora wa kike, na hakuna mwanamke aliyewahi kuipata kabla yake. Lucille Ball, ambaye watu humtaja kuwa mama wa vichekesho vya televisheni, alianza Oktoba ya mwaka huohuo, CBS hiyohiyo, Jumatatu hiyohiyo usiku. Wakati huo Bibi Goldberg hakuwapo tena hewani, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Jake wa televisheni aliigizwa na Philip Loeb, mwigizaji wa siku nyingi wa jukwaani na mtu wa mstari wa mbele katika chama cha waigizaji, ambako alikuwa amepigania waigizaji walipwe hata kwa siku za mazoezi. Mwezi Juni 1950 kilitoka kijitabu kilichoitwa "Red Channels", chenye majina ya watu 151 wa redio, televisheni na sanaa waliodaiwa kuwa na uhusiano na ukomunisti. Jina la Loeb lilikuwamo. Alikana kwamba yeye ni mkomunisti, lakini kijitabu kile hakikuwa mahakama ambamo mtu anaweza kujitetea. General Foods, wenye Sanka na kwa hiyo wenye dirisha lile, walitaka aondolewe. Gertrude Berg alikataa. Aliwaambia kwamba wakimlazimisha atalipeleka jambo hilo kwa wananchi, na kwa muda walinyamaza, kwa sababu hakuna muuza kahawa aliyetaka kusikia Molly akiinama dirishani na kuwaeleza majirani wote wa Marekani kilichotendeka. Walisubiri msimu uishe, kisha mwaka 1951 wakajitoa. Akahamia NBC, na huko akafahamishwa kwa ustaarabu kwamba nafasi ya kipindi ipo, ila hakuna mdhamini atakayepatikana maadamu Loeb yumo.

Alishikilia kwa miezi kadhaa. Waigizaji wengine na mafundi wote walikuwa nje bila mshahara. Mwanzoni mwa mwaka 1952 Loeb alikubali kulipwa fedha za kuvunja mkataba na kuondoka, na mwezi Februari "The Goldbergs" ilirejea hewani na Jake mwingine, Harold J. Stone, akiketi katika kiti kilekile. Loeb alikuwa na mwana mgonjwa wa akili aliyehitaji kulipiwa matunzo, na kazi hakupata tena ya maana. Tarehe 1 Septemba 1955 alijiua katika hoteli ya Taft, New York, kwa vidonge vya usingizi.

Nimesoma watu wanaomlaumu Bibi Berg kwamba angefunga kipindi moja kwa moja kuliko kurudi bila Loeb, na nimesoma wengine wanaomsifu kwamba alisimama kwa muda mrefu kuliko karibu kila mtu aliyekuwa katika nafasi kama yake. Ninaelekea kwa hawa wa pili, lakini sina haki ya kusema kwa sauti kubwa. Miaka kadhaa iliyopita, mdhamini wa mchezo mmoja niliokuwa nikiuandika hakupendezwa na mambo aliyoyasema mzee mmoja wa kundi letu kwenye mkutano wa hadhara, mambo yasiyohusiana hata kidogo na mchezo. Hatukuandikiwa barua. Tulipigiwa simu moja ya dakika nne. Usiku ule nilikaa mezani na kumwandikia mhusika wake safari ya kwenda Mafia kumwangalia ndugu yake aliye mgonjwa, nikampa kikapu, nikampa mstari mmoja wa kuchekesha kuhusu jahazi, na hakurudi tena. Kilichonitisha ni wepesi wake. Ilinichukua nusu saa, na mstari ule wa jahazi ulikuwa mzuri, watu waliucheka. Yule mzee alinipa mkono siku ya mwisho na kuniuliza watoto hawajambo. Gertrude Berg alipambana karibu mwaka mzima na nusu kwa ajili ya mtu wake. Mimi sikupambana hata na ile simu.

Yaliyofuata katika maisha ya "The Goldbergs" nitayapita haraka, kwa sababu kipindi chenyewe kilikuwa kimeanza kupita. Kilihamia stesheni ya DuMont mwaka 1954, na katika msimu wake wa mwisho familia ilihamishwa Bronx na kupelekwa mji mdogo wa kubuni uitwao Haverville, kwenye nyumba ya peke yake, kama walivyokuwa wakihama Wamarekani wengi wa zama hizo waliopata uwezo. Kitakwimu ilikuwa sahihi. Kimchezo ilikuwa kosa, kwa kuwa mtu mwenye nyumba ya peke yake akiita dirishani anaitikiwa na miti. Kipindi kilikoma mwaka 1956. Mwaka mmoja kabla yake kilikuwa kimetoka kitabu cha mapishi ya Kiyahudi chenye jina la Molly Goldberg, ambacho Bibi Berg alikitoa pamoja na mwandishi wa mapishi Myra Waldo. Watu walikinunua kwa sababu walikuwa na hakika kwamba Molly anapika, na hawakukosea, Molly alipika.

Jukwaa lilimpa uzee mwema. Mwaka 1959 aliigiza Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, katika "A Majority of One" akiwa mjane wa Kiyahudi wa Brooklyn anayezoeana na mjane wa kiume wa Kijapani, ilhali mwanawe wa kiume alikufa katika vita na Wajapani, na kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Tony. Mwaka 1961 alichapisha maisha yake katika kitabu "Molly and Me", na mwaka huohuo alirudi CBS na kipindi kipya kuhusu mwanamke mtu mzima anayejiunga na chuo kikuu, ambacho kilidumu msimu mmoja. Alifariki New York tarehe 14 Septemba 1966, na akazikwa Fleischmanns, kule kwenye mvua za utoto wake. Karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Syracuse.

Rekodi chache za miaka ya 1949 hadi 1951 zimesalia. Picha ni za kijivu na zina mikwaruzo, na sauti huzama mara kwa mara. Huwa ninaziangalia usiku nikimaliza kuandika. Molly anajitokeza dirishani, anasema yake kuhusu kahawa, anaegemea zaidi kidogo kana kwamba anataka kuongeza jambo, kisha anageuka kuingia ndani, na Jake aliyemo humo ndani bado ni Philip Loeb.